Msimsifu Sudha Murty kwa Kukaa Pembeni

Kisa chenyewe huanza hivi, na huenda umeshatumiwa kwenye simu. Mwaka 1981, nchini India, mume asiye na kitu anamwambia mkewe kwamba anataka kuacha kazi aanzishe kampuni ya programu za kompyuta. Mke anaingia ndani, anatoa rupia 10,000 alizokuwa akizidunduliza kimyakimya, anamkabidhi. Kisha anakaa pembeni, analea watoto, anapika. Kampuni inakuwa Infosys. Mume anakuwa Narayana Murthy, tajiri anayejulikana dunia nzima. Mke, Sudha Murty, anabaki na sari zake za kawaida na moyo wake wa kusaidia maskini. Ujumbe hufungwa kwa wosia: mabinti, kuweni wake wa namna hii.

Mara ya mwisho kisa hiki kilinifikia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, wiki mbili kabla ya harusi ya binamu yangu. Binamu ni mhandisi wa ujenzi, na siku hizo alikuwa amepata mkataba wake wa kwanza. Shangazi aliyekituma alikituma kwa mapenzi, akaandika chini yake kwamba mwanamke mwerevu huijenga nyumba kwa kujua nafasi yake. Binamu akajibu: "Amina, shangazi." Sikulala vizuri usiku ule. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kumwandikia shangazi palepale, na ni jibu kwa wahamasishaji, masheikh, wachungaji na washereheshaji wote wanaokipokezana kisa hiki kama somo la ndoa.

Sisemi ni uongo. Fedha zilitolewa, sari ni za kawaida, maskini wamesaidiwa. Tatizo ni kwamba kisa kinaanzia katikati, kikakatwa kila mahali penye mfupa. Kimemchukua mhandisi aliyeugonga mlango uliofungwa hadi ukafunguliwa, kikamfanya mto wa mwanamume kuegemea.

Sudha Kulkarni alizaliwa tarehe 19 Agosti 1950 huko Shiggaon, kaskazini mwa Karnataka. Baba yake alikuwa daktari, mama yake mwalimu. Alipotaka kusomea uhandisi katika chuo cha B.V.B. mjini Hubli, nyumbani walihofia kwamba binti mhandisi hatapata wa kumposa. Chuoni alipokewa kwa masharti matatu: avae sari, asikanyage mgahawani, asizungumze na wavulana. Kwa hesabu anayoitoa mwenyewe, wavulana walikuwa 599, msichana mmoja. Choo cha wanawake hakikuwapo, kwa sababu waliojenga chuo hawakuwahi kufikiri kwamba ipo siku mwanamke atakaa darasani humo tangu asubuhi. Ilimbidi ajizuie hadi arudi nyumbani. Naomba msomaji akishike hicho choo, nitakirudia.

Kutoka Hubli, tena akiwa na medali ya dhahabu, akaenda Bengaluru, kwenye Taasisi ya Sayansi ya India, kusomea shahada ya uzamili katika sayansi ya kompyuta. Huko nako alikuwa msichana peke yake katika idara. Mwaka 1974, karibu na kumaliza, akaona tangazo la kazi limebandikwa ubaoni. Kampuni ya TELCO ya kundi la Tata, watengenezaji wa malori na injini, walikuwa wakitafuta wahandisi vijana, hodari, wenye matokeo mazuri. Chini kabisa, kwa mstari mmoja mdogo, waliandika kwamba wanawake wasisumbuke kuomba.

Hakuihitaji kazi ile. Nia yake ilikuwa kwenda nje kusoma hadi udaktari wa falsafa, na njia ilikuwa imeshaanza kufunguka. Kwa maneno mengine, angeweza kupita pale ubaoni kama walivyopita wengine, maisha yake yasipungukiwe chochote. Yeye akarudi bwenini, akachukua kadi ya posta, akaandika. Kadi ya posta haina bahasha. Kila karani aliyeigonga mhuri na kila tarishi aliyeibeba aliweza kusoma jinsi binti wa chuo anavyomkosoa mmoja wa watu wakubwa kabisa wa viwanda nchini India, kwa sababu anuani aliyoiandika ilikuwa ya J.R.D. Tata mwenyewe, aliyeliongoza kundi zima la kampuni za Tata tangu 1938.

Na tazama alivyojenga hoja. Hakulia, wala hakuomba ahurumiwe. Alimkumbusha Tata kwamba ni ukoo wao ulioanzisha viwanda vya chuma, kemikali na treni nchini India. Kwamba ni wao waliojali elimu ya juu kabla ya wengi, na kwamba hata taasisi anayosoma yeye, iliyozaliwa mwaka 1909, ni matunda ya ndoto ya Jamsetji Tata. Basi inakuwaje kampuni ya watu hao hao ibague kwa jinsia? Alimnyooshea mwenye nyumba kidole kwa kutumia boriti za nyumba yake mwenyewe. Huo ni uhandisi wa hoja.

Kabla siku kumi hazijaisha, simu ya maandishi ilifika bwenini: aje Pune kwa usaili, nauli juu ya kampuni. Wenzake bwenini walifurahi kwa sababu nyingine. Pune inasifika kwa sari nzuri za bei nafuu, basi kila aliyetaka alimpa rupia 30 amletee. Nakipenda kipande hiki kuliko vyote, kwa kuwa kinaonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyoonekana dogo. Hata wasichana wenzake, wasomi kama yeye, waliona safari ile ni ya kununua sari. Nani angedhani kuna kazi?

Katika ofisi za TELCO huko Pimpri, jopo lilimsubiri. Akawasikia wakinong'onezana kwamba huyu ndiye yule aliyemwandikia JRD. Akaona wazi kwamba hatapewa kazi, na ile hofu ikamtoka. Akawaambia anatumaini usaili huu utakuwa wa mambo ya kitaalamu tu. Walimuuliza maswali ya kitaalamu, akayajibu. Mwisho mzee mmoja, kwa upole, akamweleza kwamba chuoni wavulana na wasichana husoma pamoja, lakini kiwandani hawajawahi kuweka mwanamke kwenye karakana. Jibu lake lilikuwa la mtu anayejua mitambo haiwaki yenyewe: lazima pawe na mahali pa kuanzia, vinginevyo hakuna mwanamke atakayefanya kazi katika viwanda vyenu milele. Akaajiriwa. Alikuwa mhandisi mwanamke wa kwanza wa TELCO.

Sasa nimuulize shangazi na wote wenye mawazo yake: mbona sehemu hii haipo kwenye ujumbe? Haikuachwa kwa sababu ni ndefu. Imeachwa kwa sababu haihubiriki kwenye kitchen party. Huwezi kumkalisha bi harusi mkekani, ukamzunguka na khanga, kisha ukamwambia: ukiona tangazo linakuzuia, mwandikie mwenye kampuni. Kuna ule usemi kwamba nyuma ya kila mwanamume aliyefanikiwa yupo mwanamke. Usemi huo unahitaji mwanamke asiye na historia kabla ya huyo mwanamume, ndiyo maana kisa kimelazimika kuanza mwaka 1981.

Lakini 1981 haielezeki bila 1974. Ni kazi ya TELCO iliyompeleka Pune. Ni Pune alikokutana na Murthy, kijana aliyekuwa na vitabu vingi na fedha haba. Walipokwenda kula, mara nyingi bili alilipa Sudha, akawa anaandika deni kwenye daftari. Deni likafika zaidi ya rupia 4,000 kabla hajalichana daftari hilo baada ya ndoa. Walifunga ndoa tarehe 10 Februari 1978, sherehe ikagharimu rupia 800, kila mmoja akalipa nusu. Na zile rupia 10,000 mashuhuri zilitoka wapi? Zilitoka, walau kwa sehemu, kwenye ujira wa mhandisi, uliopatikana kwa kadi ya posta. Toa kadi kwenye kisa, na hakuna Pune, hakuna Murthy, hakuna mtaji. Wanaosimulia mtaji na kuificha kadi wanasifu embe na kuukata mwembe.

Tena hakukaa nyuma ya mtu. Infosys ilipoanza haikuwa na faida ya kulisha familia, na nyumba yao ya Pune ndiyo iliyokuwa ofisi. Yeye akaajiriwa kama mchambuzi mwandamizi wa mifumo katika kampuni za Walchand, mshahara wake ukaiendesha nyumba. Ameeleza kwamba alikuwa mpishi, karani na mwandika programu wa Infosys kwa wakati mmoja. Mtu anayelipa kodi, anayeleta unga na anayeandika programu, unamwitaje "aliye nyuma"? Kwenye lori, kinachobeba mzigo na kusukuma magurudumu tunakiita injini.

Hapo ndipo ilipokuja kanuni. Murthy aliamua kwamba mume na mke wasiwe pamoja katika kampuni: kama Sudha anataka kuingia, yeye yuko tayari kutoka. Kampuni iendeshwe kitaalamu, isigeuke duka la familia. Kwa nje ni kanuni safi, na nina hakika Murthy aliiamini. Ila tuipime kama mafundi wanavyopima, kwa kuangalia uzito umeangukia wapi. Waanzilishi walikuwa wanaume saba. Kati ya hao saba na mke wa mmoja wao, aliyekuwa na shahada ya uzamili katika sayansi ya kompyuta kutoka taasisi bora nchini, na uzoefu wa kiwandani, na ambaye mtaji ulitoka mkononi mwake, aliyebaki nje ni huyu. Bi Sudha ameandika kwamba ilimuuma.

Miaka ya karibuni Murthy mwenyewe amekiri hadharani kwamba alikosea, kwamba udhanifu wake ulikuwa wa makosa, na kwamba mkewe alikuwa na sifa kuliko waanzilishi wote. Namheshimu kwa kukiri. Lakini angalieni tulipofika: mwenye kuweka kanuni ameiita kosa, na sisi huku bado tunaisambaza kama wosia wa ndoa! Tunampigia makofi mwanamke kwa hasara ambayo mumewe anaijutia. Na kuna jambo jingine. Juni 2013 Murthy aliporudi kuiongoza Infosys iliyokuwa ikiyumba, alikuja na mwanawe Rohan awe msaidizi wake, kwa mshahara wa rupia 1 kwa mwaka. Simlaumu kijana, msomi mkubwa, na mwaka uliofuata wote wawili waliondoka. Nasema tu kwamba kanuni iliyokuwa chuma kwa mama ilipatikana kuwa raba kwa mwana.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa nimeyasikia yote. La kwanza: mwenyewe aliridhia, wewe unalia kwa niaba ya nani? Ndiyo, aliridhia. Aliangalia watoto wawili wadogo, Akshata wa 1980 na Rohan wa 1983, akaangalia mume mwenye ndoto, akaamua. Uamuzi wake nauheshimu kabisa. Lakini kuheshimu uamuzi wa mtu aliyewekewa njia mbili tu si sawa na kuisifu hali iliyofunga njia ya tatu. Dereva aliyepita kwenye maji kwa sababu daraja limevunjika ni hodari. Hatukatai kujenga daraja kwa kuwa yeye alivuka.

La pili ndilo lenye nguvu zaidi, nami silikwepi. Wanasema: kama angebaki mhandisi wa Infosys, tusingempata mhisani. Mungu alimwondoa kwenye kompyuta ili ampeleke kwa wanyonge. Jibu langu ni Azim Premji. Naye alisomea uhandisi wa umeme, huko Stanford. Aliiongoza kampuni ya Wipro kwa miongo, na akiwa bado kiongozi, mwaka 2001, akaanzisha taasisi yake ya elimu ambayo leo ni miongoni mwa kubwa kabisa za hisani nchini India. Je, kuna aliyesema kwamba ilimbidi Premji aondolewe kwanza kwenye kampuni ndipo moyo wake ulainike? Mwanamume huruhusiwa kuwa na mikono miwili, wa kazi na wa hisani. Kwa nini mwanamke lazima tumkate mmoja ndipo tuubusu ule uliobaki?

Halafu tazama hiyo hisani yenyewe, kwa sababu hapo ndipo sifa zinapompunguza zaidi bila wasifiaji kujua. Huambiwa ana moyo wa mama, ana huruma. Huruma ipo, lakini huruma haijengi choo. Infosys Foundation ilianzishwa mwaka 1996, na Bi Sudha akawa mwenyekiti wake hadi mwisho wa 2021. Sheria ya kampuni ya India inayozilazimisha kampuni kubwa kutenga angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka 3 kwa ajili ya jamii ilikuja mwaka 2013. Maana yake kwa miaka 17 alikuwa akifanya kazi ambayo hakuna sheria iliyomlazimisha mtu kuifanya, wala hapakuwa na mwongozo wa kuifuata. Wapo wanaombeza kwa upande wa pili, kwamba ni mke wa tajiri anayegawa fedha za kampuni ili kampuni ipendwe. Hawa na wale wanaomwita mama mwenye huruma wanagombana, lakini wote wawili wanaangalia mkono unaotoa. Kichwa hawakitazami.

Chukua vyoo. Yeye mwenyewe amesema kwamba vyoo vile, anavyovihesabu kufikia 16,000, vilianzia Hubli, kwenye kile choo ambacho hakikuwapo. Msichana aliyejizuia kutwa nzima alikuwa amegundua, mwilini mwake, mahali mfumo unapokatika: shule inaweza kuwa na walimu na vitabu, na bado ikamfukuza msichana kwa kukosa chumba chenye mlango na kitasa. Fundi mzuri hubadilisha kipuri kilichokufa. Habadilishi gari zima wala hapuliziwi tarumbeta. Maktaba za shule, zinazohesabiwa kwa makumi ya maelfu, ni fikra hiyo hiyo ya kitu kidogo kinachoweza kurudiwa mara nyingi. Nyumba 2,300 katika maeneo yaliyopigwa na mafuriko, kadhalika.

Au chukua wale madevadasi wa kaskazini mwa Karnataka, wasichana waliowekwa wakfu kwa mungu wa kike Yellamma, ambao wengi waliishia kuuza miili. Sheria ya jimbo ilikwishapiga marufuku desturi hiyo mwaka 1982. Desturi haikuisoma sheria. Bi Sudha alipokwenda mara ya kwanza, amevaa jinzi na fulana, na daftari mkononi, akiwataka wamweleze matatizo yao, walimrushia ndala. Akarudi tena. Safari hii wakamrushia nyanya. Alikwenda kwa baba yake akiwa amekata tamaa. Daktari yule mzee alimwambia avae sari, ajipake alama ya paji la uso, avae mkufu wa ndoa, aende kama mtu wa kwao. Tena akaongozana naye. Walimkaribisha. Kazi ile iliendelea miaka mingi, hadi wanawake wapatao 3,000 wakaacha kuuza miili na kuwa na chombo chao wenyewe cha fedha. Siku moja walimzawadia shuka la kutandika kitandani: kila mmoja wa wale 3,000 alikuwa ametia mshono wake.

Ukisoma habari hiyo kwa macho ya huruma tu, unaona shuka. Ukiisoma kwa macho ya karakana, unaona jaribio la kwanza limefeli, la pili limefeli, kisha mtu akakaa chini akauliza ni sehemu gani imekosea, akakuta ni nguo, akabadilisha, akawasha tena. Na hiyo sari, ambayo wasifiaji wameifanya bendera ya unyenyekevu, hapo ilikuwa kifaa cha kazi.

Kuhusu huo unyenyekevu sitakaa sana. Mwaka 2020 ilienea picha yake ameketi katikati ya marundo ya mboga, ikaambatana na maelezo kwamba kila mwaka huuza mboga ili kujishusha. Hakuwa akiuza kitu. Alikuwa akijitolea siku za ibada kwenye hekalu la Raghavendra, mtaa wa Jayanagar, Bengaluru, akisimamia vyakula vya waumini. Waliomzulia biashara ya mboga waliona picha ya mtu anayesimamia ghala, hawakuridhika. Walitaka picha ya mtu anayejishusha. Wapo wanawake wengi wanaovaa kawaida, na hakuna anayewaandikia nyimbo. Kinachowafurahisha watu hapa ni mwanamke mwenye uwezo ambaye haonekani kudai. Ndiyo maana nasema sifa hii ina sumu: inamfundisha binti kwamba thawabu iko kwenye kutodai, ilhali maisha yote ya huyu mama yalibadilishwa na siku aliyodai.

Ajabu kubwa ni kwamba ameyajibu haya mwenyewe, vitabuni. Ameandika sana, kwa Kikannada na kwa Kiingereza, na kitabu chake kimoja cha watoto kilimpa tuzo ya fasihi ya watoto ya Sahitya Akademi, akademia ya fasihi ya India, ya mwaka 2023. Katika riwaya yake Dollar Bahu, mama mkwe anampima mke wa kila mwana kwa fedha anazoziingiza nyumbani. Aliye Marekani anatukuzwa, aliye nyumbani anadharauliwa, hadi mama anasafiri na kujionea. Mtu aliyeandika riwaya nzima kupinga kuwapima wake kwa sarafu, sisi tunamkumbuka kwa rupia 10,000! Katika Mahashweta, Anupama anapatwa na mabaka meupe ya ngozi, mume na wakwe wanamkataa, anakwenda Mumbai anajipatia kazi ya kufundisha na heshima yake. Mume anaporudi kuomba, Anupama anakataa. Hiyo ndiyo hadithi aliyochagua kuwaachia wasomaji wake kuhusu uvumilivu wa mke.

Na ipo habari ya bibi yake, ambayo ningependa isomwe mahali pa ule ujumbe. Bibi alikuwa na miaka 62, hajui kusoma. Kila wiki mjukuu alimsomea sehemu ya hadithi iliyokuwa ikitoka gazetini. Mjukuu akaenda harusini, akachelewa kurudi. Gazeti likafika, bibi akalipapasa kurasa na asiambulie neno, akalia. Mtoto aliporudi akaambiwa amfundishe. Alikuwa na miaka 12. Bibi alijiwekea tarehe, sikukuu ya Saraswati, na siku ilipofika akaweza kusoma kitabu mwenyewe. Kisha akafanya jambo lililomshtua mtoto: akainama akamshika miguu. Sisi tunaosema shikamoo, neno ambalo wazee wetu hutufafanulia kuwa "nashika miguu yako", tunaelewa uzito wa tendo lile bila kuelezwa. Ni kama bibi amempa mjukuu shikamoo. Alisema hamwinamii mjukuu, anamwinamia mwalimu. Hakumsalimu kwa cheo chake cha ukoo, bali kwa kile anachokijua.

Heshima ya namna hiyo ndiyo tunayomnyima. Kwa magazeti ni mke wa Murthy, na tangu 2022 mkwewe Rishi Sunak alipokuwa waziri mkuu wa Uingereza, amekuwa mama mkwe wa Sunak. Hata kwetu Afrika Mashariki tulimpokea kwa mlango huo, kwa kuwa baba yake Sunak alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, tukasema basi huyu ni mkwe wetu. Sikatai ukwe. Ila jina la mumewe huandikwa Murthy, na yeye hujiandika Murty, bila h. Hata herufi moja ya jina la ndoa hakuichukua kabla ya kuikagua.

Alipoingia bungeni, Rajya Sabha, mwaka 2024, hotuba yake ya kwanza ilidai wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapewe chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Miaka 50 baada ya kadi, bado alikuwa akiwaambia wakubwa warekebishe kitu mahususi, kabla hakijaharibika.

TELCO ilikuja kuitwa Tata Motors. Pune, ambako mzee wa jopo alieleza kwa upole kwamba mwanamke hawekwi kwenye karakana, ipo sehemu ya kiwanda cha magari inayoendeshwa na wanawake pekee, zaidi ya 1,000, wakiunganisha magari ya aina za Harrier na Safari.

Nilimtumia binamu habari hiyo baada ya harusi, pamoja na ya kadi. Hakujibu siku mbili. Kisha akapiga simu, akaniambia kwamba eneo lao la ujenzi lina choo kimoja kwa watu wote, mlango wake ni gunia, na yeye hanywi maji tangu saa moja asubuhi hadi anaporudi nyumbani. Mara mbili amemwambia msimamizi, na mara mbili msimamizi amecheka. Akaniuliza kama najua namna ya kupata anuani ya mwenye kampuni.